Amana, Riba na Dhamana: Maneno Matatu ya Benki za Biashara na Uelewa wa Mteja Mzungumzaji wa Kiswahili, kwa Kurejelea Ngerengere, Morogoro

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi maneno matatu ya Kiswahili yanayotumiwa na benki za biashara nchini Tanzania, yaani amana, riba na dhamana, yanavyobeba maana moja katika mazungumzo ya kila siku na maana nyingine katika sheria na mikataba ya kibenki. Ufafanuzi unafanywa kwa kurejelea mazingira ya Ngerengere, katika Wilaya ya Morogoro, ambako huduma za benki humfikia mwananchi zaidi kupitia wakala na simu ya mkononi kuliko kupitia kaunta ya tawi, na ambako sehemu kubwa ya ardhi hufuata urithi wa upande wa mama. Hoja kuu ni kwamba tofauti hiyo ya maana ina athari za mali: mteja anaweza kuridhia jambo asilolijua, huku akiamini kwa dhati kwamba amelielewa, kwa sababu neno alilolisikia ni la lugha yake. Makala inapendekeza kwamba tafsiri ya mikataba kwenda Kiswahili iende pamoja na fasili ya maneno hayo ndani ya mkataba wenyewe.

1.0 Utangulizi

Suala linalojadiliwa hapa lilianza nyumbani kabla ya kuwa suala la utafiti. Miaka kadhaa iliyopita mama mkubwa wa mwandishi, mkulima wa mahindi na ufuta katika eneo la Ngerengere, alimletea mwandishi bahasha yenye karatasi za Kiingereza akiomba asomewe. Alipoulizwa kama amekwisha kutia saini, alijibu: "Nimesaini, mwanangu. Wameniambia ni fomu ya dhamana tu, nimdhamini mjomba wako." Kwa uelewa wake alikuwa amethibitisha kwamba mdogo wake ni mtu mwaminifu, kama ambavyo mtu humdhamini ndugu yake mbele ya mjumbe au kituo cha polisi. Karatasi zilisema kwamba endapo mkopaji atashindwa kulipa, yeye atalipa deni lote pamoja na riba, na kwamba shamba lenye hati ya jina lake limewekwa rehani kwa ajili hiyo.

Ofisa wa mikopo hakumdanganya. Neno alilotumia, dhamana, lilikuwa neno sahihi la Kiswahili. Mama mkubwa naye hakuwa mtu asiyejua lugha; aliijua kuliko ofisa huyo. Tatizo lilikuwa kwamba kila mmoja alitumia neno hilohilo kwa maana yake na hakuna aliyegundua. Mara nyingi inadhaniwa kwamba kikwazo cha lugha katika huduma za benki ni Kiingereza peke yake, na kwamba kikiondolewa mteja ataelewa. Makala hii inaonesha kwamba Kiingereza ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Makala ina sehemu saba pamoja na utangulizi huu. Sehemu ya pili inatoa usuli wa benki za biashara nchini. Sehemu ya tatu inaeleza namna benki inavyoonekana Ngerengere. Sehemu ya nne inachambua maneno matatu. Sehemu ya tano inahusisha dhamana na ardhi ya ukoo, ya sita inajadili lugha ya mkataba, na ya saba inahitimisha kwa mapendekezo.

2.0 Usuli wa Benki za Biashara nchini Tanzania

Benki ya biashara, kwa maana ya msingi, ni taasisi inayopokea fedha za umma ambazo mwenyewe anaweza kuzidai, na kuzitumia fedha hizo kukopesha wengine kwa faida. Katika nchi ambayo sasa ni Tanzania Bara, taasisi ya namna hiyo ililetwa na ukoloni. Mwaka 1905 ilianzishwa Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyopewa pia haki ya kutoa noti za rupia katika koloni la Wajerumani. Mwaka huohuo ulianza ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ambayo ilikamilika mwaka 1907 na kupita Ngerengere. Reli na benki vilikuwa na kazi zinazofanana: kuyahudumia mashamba makubwa, hasa ya mkonge, na biashara ya kupeleka mazao ng'ambo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nafasi ya benki za Wajerumani ilichukuliwa na benki za himaya ya Waingereza, zikiwamo Standard Bank, National Bank of India na Barclays. Wateja wao walikuwa kampuni, walowezi na wafanyabiashara wa Kiasia. Mwafrika aliyefanya kazi ya manamba katika shamba la mkonge alipokea ujira wa fedha taslimu, na alipotaka kuweka akiba njia iliyokuwa wazi kwake ni Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanza mwaka 1925. Kwa upande wa mikopo, sheria za kikoloni zilizuia ukopeshaji kwa Waafrika kwa hoja ya kuwalinda na madeni. Hivyo kwa miongo kadhaa benki ya biashara ilipita karibu na mwananchi wa kawaida bila kuzungumza naye, na lugha yake haikuwa na haja ya kueleweka kwake.

Hali ilibadilika tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara zilipotaifishwa. Mali na madeni yake yaliwekwa chini ya Benki ya Taifa ya Biashara, maarufu kwa kifupi cha NBC. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mwaka huohuo wa 1967 ndipo sheria ilipoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kusanifisha istilahi. Benki ya umma na chombo cha lugha vilizaliwa pamoja. Benki ilifungua matawi nje ya miji mikubwa na kuzungumza na wateja wake kwa Kiswahili, lakini nyaraka za kisheria zilizorithiwa kutoka benki za Waingereza ziliendelea na lugha yake ya awali.

Kufuatia kazi ya tume ya rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu, Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991 iliruhusu tena benki binafsi, na benki za kwanza za aina hiyo zilianza kazi mwaka 1993. Mwaka 1997 NBC iligawanywa. Sehemu iliyobeba matawi mengi ya wilayani ikawa benki ya NMB. NBC yenyewe iliuzwa mwaka 2000 kwa ABSA ya Afrika Kusini, serikali ikibaki na asilimia 30. CRDB, iliyotokana na benki ya umma ya ushirika na maendeleo vijijini, ilikwisha kubinafsishwa mwaka 1996. Leo nchi ina zaidi ya benki 30 za biashara, zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006.

3.0 Benki bila Jengo: Mazingira ya Ngerengere

Ngerengere ni kata iliyo mashariki ya mji wa Morogoro, na imebeba jina la mto unaotiririka kutoka Milima ya Uluguru kuelekea Ruvu. Eneo hili lina historia ya reli, mashamba ya mkonge na kambi ya jeshi. Tangu Juni 2024, treni za reli ya kisasa zilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Ngerengere imekuwa pia miongoni mwa vituo vyake. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Waluguru, Wakutu, Wakwere, Wazaramo na watu waliotoka mbali kufuata kazi. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili.

Kwa mkazi wa eneo kama hili, sura ya benki anayoiona kila siku ni ya wakala. Mwaka 2013 Benki Kuu ilitoa mwongozo ulioruhusu benki kutumia mawakala, na tangu hapo duka la vocha, duka la dawa au la pembejeo linaweza kupokea na kutoa fedha kwa niaba ya benki. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2008, huduma za fedha za simu zilikwisha kumzoeza mwananchi kutuma na kupokea fedha bila kupanga foleni mjini. Tafiti za FinScope zinaonesha kwamba watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walipanda kutoka asilimia 65 mwaka 2017 hadi asilimia 76 mwaka 2023, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na simu kuliko benki.

Uwakala umeleta manufaa makubwa. Aliyekuwa akitumia siku nzima na nauli kwenda Morogoro kuweka shilingi 50,000 sasa anafanya hivyo kwa dakika chache. Hata hivyo, wakala ana mipaka: hupokea, hutoa, hufungulia akaunti na kukusanya marejesho, lakini si yeye anayeandika mkataba wala anayewajibika kuufafanua. Muuza duka akiulizwa maana ya kifungu cha saba atajibu kwa wema wote, "Nenda tawini." Kwa namna hiyo fedha zimesogea karibu na mteja ilhali maelezo yamebaki mbali. Pale ambapo maelezo hayapo, mteja hutegemea kile alicho nacho, yaani maana ya maneno anayoijua tangu utotoni.

Pengo hilo hujazwa pia na wakopeshaji wengine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawagawa watoa huduma katika madaraja manne, kuanzia taasisi ndogo zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, hadi vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mitaani, mikopo yenye marejesho ya haraka na riba kubwa imepewa jina la kausha damu. Jina hilo ni ushahidi kwamba wananchi wana uwezo wa kuunda istilahi inayosema ukweli wa jambo waziwazi. Istilahi za benki hazina uwazi huo.

4.0 Uchambuzi wa Maneno Matatu

4.1 Amana

Katika Kiswahili cha kawaida, amana ni kitu kilichokabidhiwa kwa mtu akihifadhi mpaka mwenyewe atakapokitaka. Neno limetoka katika Kiarabu na limekuja na uzito wa kidini na kimaadili: mwenye kukabidhiwa amana hana ruhusa ya kuitumia, na kuila ni hiana. Mtu akiacha baiskeli kwa jirani kama amana hatarajii kuikuta imekodishwa.

Amana ya benki ni kinyume cha hapo. Katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza ambayo Tanzania iliyarithi, msimamo uliwekwa na Baraza la Malodi mwaka 1848 katika shauri la Foley dhidi ya Hill: fedha zikishawekwa benki huwa za benki, na benki huwa mdaiwa wa mteja. Kwa maneno mengine, anayeweka amana benki anaikopesha benki. Benki inaruhusiwa, na ndiyo kazi yake, kuzikopesha fedha hizo kwa wengine, ikibakiza kiasi cha kutosha kuwalipa wanaokuja kuchukua.

Tofauti hii haionekani siku za heri. Huonekana benki inapofungwa. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Mteja aliyedhani fedha zake zimetunzwa kama baiskeli kwa jirani alijikuta miongoni mwa wadai. Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa na wajibu wa kumlipa kila mteja hadi kikomo cha shilingi 1,500,000. Kilichozidi hapo kilitegemea mali za benki katika ufilisi. Kikomo hicho baadaye kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000, jambo ambalo linawakinga wateja wengi wadogo kikamilifu. Lakini kuwapo kwa kikomo kunathibitisha hoja: kitu kilicho amana kwa maana ya kawaida hakihitaji kikomo, kwa kuwa hurudishwa chote kama kilivyo.

Haimaanishi kwamba benki zilikosea kuchagua neno hili. Linafaa kwa sababu linabeba uaminifu, na benki haiwezi kuishi bila kuaminiwa. Kinachokosekana ni sentensi moja inayomweleza mteja kwamba amana hii hutumika.

4.2 Riba

Neno riba nalo ni la Kiarabu, na katika Uislamu linataja ziada iliyokatazwa. Kwa Waislamu wengi wa Morogoro na pwani, neno hilo halitamkwi bila kukumbusha katazo. Benki za kawaida hulitumia pande zote mbili: riba anayotozwa mkopaji na riba anayolipwa mwenye akiba. Baadhi ya watoa huduma hukwepa doa la neno kwa kuiita ya mwenye akiba faida, na ya mkopaji riba, kana kwamba ni vitu viwili visivyohusiana. Benki zinazofuata misingi ya Kiislamu, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, zimeleta msamiati mwingine kabisa, wa murabaha na mudharaba, ambao nao unahitaji kufafanuliwa kwa mteja.

Zaidi ya suala la imani, kuna suala la hesabu. Mteja husikia katika redio kwamba riba ya Benki Kuu ni asilimia 5.75, kiwango kilichotangazwa Julai 2025, kisha anapokwenda kukopa anaambiwa asilimia 15 au zaidi kwa mwaka. Anaona ameonewa. Hajaelezwa kwamba ya kwanza ni riba elekezi inayohusu miamala ya benki zenyewe na Benki Kuu, na ya pili inajumuisha gharama za benki, hatari ya mkopo kutolipwa na faida. Neno moja limebeba mambo mawili.

Mkanganyiko mkubwa zaidi umo katika namna riba inavyokokotolewa. Tuchukulie mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ikiwa riba inatozwa juu ya mkopo wote wa awali kila mwezi, mkopaji atalipa riba ya shilingi 360,000, na rejesho la kila mwezi litakuwa takribani shilingi 113,333. Ikiwa riba inatozwa juu ya salio linalopungua, rejesho litakuwa takribani shilingi 100,462, na riba yote itakuwa takribani shilingi 205,500. Tofauti inazidi shilingi 154,000, ingawa matangazo yote mawili yangesema asilimia 3. Ukiigeuza ile ya kwanza kuwa ya salio linalopungua, inakuwa sawa na takribani asilimia 5 kwa mwezi. Sababu ni kwamba kufikia mwezi wa sita mkopaji amekwisha kurejesha karibu nusu ya mkopo, lakini bado anatozwa kana kwamba milioni yote iko mkononi mwake.

Katika Kiswahili cha benki hakuna jina moja lililoenea la kutofautisha njia hizi mbili. Wengine husema riba bapa, wengine riba isiyopungua, na wengi husema tu riba. Lugha isipokuwa na majina mawili, mteja hana namna ya kuuliza swali ambalo lingemwokolea fedha.

4.3 Dhamana

Neno hili ndilo lenye maana nyingi kuliko yote. Mshtakiwa hupewa dhamana akasubiri kesi akiwa nje. Kiongozi hukabidhiwa dhamana ya uongozi. Jirani humdhamini mwenzake kwa maneno, akimthibitishia mwenye nyumba kwamba mpangaji huyu ni mtu mwema. Katika benki, dhamana ni mali inayoshikiliwa kwa ajili ya mkopo, na mdhamini ni mtu anayejifunga kulipa deni la mwingine.

Maana hizi zina asili moja, ile ya kubeba jukumu kwa ajili ya kitu au mtu. Lakini ukubwa wa jukumu hautoshani. Anayemdhamini jirani kwa maneno anahatarisha heshima yake. Jirani akiharibu, mdhamini ataona haya na atasaidia kusuluhisha. Anayetia saini kama mdhamini wa mkopo anahatarisha mali yake, na mara nyingi mkataba humruhusu mkopeshaji kumdai mdhamini bila kwanza kummaliza mkopaji.

Kiswahili kina neno linaloeleza wazi upande wa mali: rehani. Anayeambiwa kwamba shamba lake linawekwa rehani huelewa mara moja kwamba linaweza kwenda. Katika mazungumzo ya mikopo, hata hivyo, neno dhamana hupendwa zaidi kwa kuwa ni laini na halitishi. Ulaini huo una gharama. Mama mkubwa aliyetajwa mwanzoni alisema baadaye: "Wangeniambia rehani, ningekwenda kwanza kuuliza wenzangu."

5.0 Ardhi ya Ukoo na Hati ya Mtu Mmoja

Wenzake aliotaka kuwauliza ni akina nani? Swali hili linafungua tatizo ambalo tafsiri peke yake haiwezi kulitatua. Waluguru, pamoja na jirani zao Wakutu, Wakwere na Wazaramo, kwa mila hufuata ukoo wa upande wa mama. Ardhi ya ukoo hupita kwa tumbo la mama; anayeilima anaitumia na kuitunza, lakini kuitoa nje ya ukoo si uamuzi wake peke yake. Mjomba ana sauti, na watoto wa dada wana haki hata kama hawajazaliwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwezesha kutolewa kwa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kutolewa kwa mtu mmoja, kwa wanandoa au kwa kundi, lakini kwa kawaida anayejitokeza siku ya kupima ndiye anayeandikwa. Jina moja likishaandikwa, benki huona mmiliki mmoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya kuweka rehani nyumba ya familia, na hiyo ni kinga muhimu kwa wanawake wengi nchini. Katika jamii inayofuata ukoo wa mama, hata hivyo, mwenye haki ya kuulizwa kuhusu shamba la ukoo si mume. Ni kaka, dada na watoto wa dada. Mume anaweza kutia saini ya ridhaa juu ya ardhi isiyo yake kimila, na wenye ardhi wasijue lolote.

Hapa neno mmiliki linaungana na dhamana katika kuficha tofauti. Kwa benki, mmiliki ni jina lililo katika hati. Kwa ukoo, jina hilo ni la mlinzi, yaani mtu aliyepewa amana kwa maana ya zamani ya neno hilo. Anapoliweka shamba rehani anaitumia amana ya wengine kulipia deni la mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa familia ya mwandishi. Shamba halikuuzwa, deni lililipwa kwa mavuno ya ufuta ya misimu miwili na michango ya ndugu waliokuwa mjini. Kilichobaki ni kwamba dada na kaka hao wawili hawakukaa tena mkeka mmoja katika shughuli za ukoo kwa muda mrefu. Waswahili wamesema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika kisa hiki harusi ilikuwa ya mmoja, na matanga yakawa ya wote.

Isifikiriwe kwamba benki hazipaswi kupokea ardhi ya aina hiyo. Mkulima asiye na kitu kingine cha kuweka angebaki na kausha damu pekee. Hoja ni kwamba swali moja la nyongeza, "Shamba hili ni lako au ni la ukoo?", linaweza kuulizwa kwa Kiswahili chepesi na kujibiwa papo hapo.

6.0 Lugha ya Mkataba

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoifanya lugha ya sheria na ya mahakama kuwa Kiswahili, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale inapolazimu. Kabla ya hapo, mwaka 2019, zilitolewa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, ambazo msingi wake ni kwamba mtoa huduma aeleze masharti na gharama kwa uwazi. Hatua zote mbili zinaelekeza upande mmoja. Hata hivyo, sheria ya mwaka 2021 ilihusu mahakama na utungaji wa sheria. Mkataba kati ya benki na mteja ni makubaliano ya watu wawili, na mara nyingi umeendelea kuandikwa kwa Kiingereza na kufafanuliwa kwa mdomo kwa Kiswahili. Ikitokea tofauti, kilichoandikwa ndicho hushinda kilichosemwa.

Suala hili halikomei Tanzania. CRDB ilifungua kampuni tanzu Burundi mwaka 2012, na mwaka 2023 ikafungua nyingine Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lubumbashi ni mji wa Kiswahili: sokoni, kanisani na nyumbani watu huzungumza Kiswahili, na katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2006 inakitambua kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa. Lugha rasmi, hata hivyo, ni Kifaransa. Hivyo mteja wa Lubumbashi na wa Ngerengere wanafanana: kila mmoja huzungumza na ofisa wake kwa Kiswahili kuhusu waraka ulio katika lugha nyingine. Tena Kiswahili chao hakilingani katika kila neno. Istilahi zilizofasiliwa vizuri zingesaidia pande zote mbili za Ziwa Tanganyika, na benki zinazovuka mpaka zina sababu ya kibiashara ya kuzitaka.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba amana, riba na dhamana ni maneno ambayo mteja wa benki ya biashara anayajua, na kwamba kuyajua huko ndiko kunakomzuia kuuliza. Neno la kigeni humfanya mtu asite. Neno la nyumbani humfanya apite. Ndiyo maana kutafsiri mkataba kwa kuweka dhamana mahali pa neno la Kiingereza, kisha kuishia hapo, kunaweza kuacha hatari palepale huku kukimwondolea mteja kisingizio cha kutoelewa.

Kutokana na hayo, yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, kila mkataba wa mkopo wa Kiswahili uwe na ukurasa wa mwanzo wenye fasili za maneno muhimu kwa sentensi kamili, mfano: "Ukitia saini kama mdhamini, utalipa deni hili kwa mali yako ikiwa mkopaji hatalipa." Pili, BAKITA kwa kushirikiana na Benki Kuu zisanifishe majina mawili ya njia za kukokotoa riba, na kila tangazo la mkopo litaje njia iliyotumika pamoja na jumla ya shilingi zitakazolipwa. Tatu, neno rehani litumike kila mali inapofungwa kwa deni, na dhamana libaki kwa maana zake nyingine. Nne, katika maeneo ya ukoo wa mama, fomu ya ridhaa iwe na nafasi ya ndugu wa ukoo, kama ilivyo nafasi ya mwenzi wa ndoa.

Hakuna kati ya mapendekezo haya linalohitaji teknolojia mpya au mtaji mkubwa. Benki imeweza kumfikia mkulima wa Ngerengere dukani na katika simu yake. Kilichobaki ni maana ya maneno yake kumfikia mkulima huyo kabla hajatia saini.